Ng'ombe wa Mzee Okidi

Jumapili, 2 Februari 2025

Baba amefika jana kutoka kijijini kwetu Agago. Basi limemchosha vibaya. Amelala kitandani kwangu, mimi chini kwenye mkeka. Chumba hiki cha Mbuya, hapa mjini, kilinitosha mimi na yunifomu yangu ya ulinzi tu! Uvimbe wa tumboni umekua, unauona hata juu ya shati. Operesheni ni tarehe 13.

Amekubali kukatwa kwa sababu moja tu. Anataka awe amepona kabla ya mvua za Aprili, alime kwa ng'ombe wake madume. Si kwa ajili yangu. Haya.

Asubuhi alisimama mlangoni akatazama mabati mpaka bondeni. Akauliza, watu wote hawa wanakula nini na hakuna anayefuga? Nikamwambia, wanakula ng'ombe wako, Baba. Alicheka mpaka akashika tumbo.

Jumatatu, 3 Februari

Jioni Kidega amepiga simu. Ni mdogo wangu, ndiye aliyebaki na mifugo. Wakishakamuliwa anaingia zizini na simu, Baba anasikiliza. Anawaita mmoja mmoja kwa rangi yake. Wanaitika kweli! Awiti, Mkenya anayekaanga chapati hapa nje, anasema ameona wazee wa kila aina, ila wa kupigia ng'ombe simu ndiye wa kwanza. Wanapatana sana — Kijaluo chake na Kiacholi cha Baba ni ndugu.

Kwetu ukame umeshika. Nyasi zimechomwa, mto umebaki mchanga, wanawake wanachimba mashimo kutafuta maji. Mifugo inatembezwa mbali, karibu na mpaka wa wilaya ya Abim. Na kupe wamezidi, dawa haiwaui. Baba amemwonya Kidega asiongeze kitu kwenye dawa. Bora awatoe kwa mkono.

Jumamosi, 8 Februari

Mungu wangu.

Kidega amenipigia nikiwa zamu, kwenye geti la duka ninalolinda Ntinda. Kasikia kwa vijana wenzake kwamba sumu ya wadudu wa shambani ndiyo kiboko ya kupe. Akachanganya na dawa ya kuogesha. Akalipulizia kundi zima. Kupe wamekufa, kweli. Na ng'ombe wamekufa. Povu mdomoni, miguu inatetemeka, wakaanguka hapohapo zizini. Amebaki ng'ombe mzee mmoja na ndama wake, kwa kuwa alikuwa anachechemea wakamfunga nyuma ya nyumba.

Nimemtukana. Mjinga! Halafu nimelia naye, bunduki begani, wateja wananipita.

Awiti kaniambia, pole, ila ng'ombe ni ng'ombe, atapata wengine. Nikamkaripia. Atapata wapi? Wakati wa vita walichukuliwa wote. Baba akakaa kambini miaka, anakula mahindi ya msaada, mfugaji mzima! Aliporudi alianza na mtamba mmoja. Mmoja! Shule yangu ilitoka kwenye zizi lile. Nusu ya kijiji wanalimiwa simsim na madume yake, nao wanamsaidia kuvuna. Hata mahari yangu imo mle. Mume aliondoka zamani, ng'ombe wake wakabaki. Walikuwa na adabu kumshinda.

Tumekubaliana na Kidega: Baba haambiwi mpaka akatwe. Daktari amesema presha isipande. Na akijua, kisu hakitaki tena. Namjua. Na asipokatwa, mvua hiyo haioni.

Jioni Kidega ameingia zizini kwa Opoka, jirani yetu, na simu yake. Baba akaita rangi zake zote. Ng'ombe wakalia. Akasema, wazima. Akanirudishia simu.

Nimemshukuru Mungu kwa uongo. Sijui kama inaruhusiwa.

Jumapili, 9 Februari

Tena kwa Opoka. Leo Baba hakuita mtu. Amesikiliza tu. Chapati hakugusa.

Jumanne, 11 Februari

Amelazwa hospitali. Wodi imejaa, wengine wako sakafuni. Yeye kapata kitanda karibu na dirisha, anatazama makorongo juu ya paa. Ndege wanene hivi, amesema, na hakuna hata ng'ombe mmoja wa kumfuata!

Halafu akauliza, Opoka hajambo? Nikasema hajambo. Na ng'ombe wa Opoka? Nikasema sijui, Baba. Akasema haya.

Awiti alileta uji. Tukiwa nje akaniambia, mficha maradhi, kilio humuumbua. Nikamjibu ovyo. Yeye ndiye anayesema kweli, na ndiyo maana nimekasirika.

Alhamisi, 13 Februari

Naandika chooni, mwisho wa korido.

Wamemvalisha gauni la kijani. Amekonda, Mungu wangu, nimeogopa. Nikamwambia, Baba, nimpigie Kidega usikie ng'ombe kabla hujaingia? Akasema hapana. Mwache Opoka apumzike.

Nikairudisha simu mfukoni.

Akasema alijua tangu Jumamosi. Aliwaita, hakuna hata mmoja aliyeitika. Waliolia walikuwa wanalia mambo yao. Akasema, nimengoja mwanangu aniambie. Kidega namwelewa, ni mtoto, anaogopa. Lakini wewe ni askari.

Askari! Nimesimamia mageti ya watu, nimekamata wezi kwa mikono hii. Sikuweza kumtazama machoni.

Akanishika mkono. Hakupandisha sauti. Akasema, sasa niambie kama kuna aliyebaki. Kama yupo wa kunirudisha nyumbani, naingia. Kama hayupo, usiwape hawa watu kazi bure.

Yupo. Mmoja, mzee, kilema, na ndama. Nikimwambia huyo ndiye zizi lote? Atasema kuna mmoja, nilishaanza na mmoja? Au atavua lile gauni? Na nikimwambia wapo wengi, atajua. Atajua kabla sijafunga mdomo.

Nikasema, Baba, naenda chooni kidogo. Shenzi mimi! Chooni!

Muuguzi anaita huko wodini. Mzee Okidi, tuko tayari. Simsikii Baba akijibu, ananingoja mimi. Anaita tena. Sasa anauliza, mtoto wake ameenda wapi?