Jezi Yangu Imetundikwa Paani, Binti Yangu Haitaki

Mpendwa Shangazi Verna, nisaidie, na tafadhali usiandike jina langu, maana huku kwetu Indiana ukipiga chafya asubuhi, mchana mji wa pili wanakupa pole, na hata barua hii naiandikia garini nje ya duka kwa sababu nyumbani siwezi kutulia, nikikaa nasimama, nikisimama nazunguka meza.

Miaka ya tisini nilikuwa pointi gadi wa mpira wa kikapu katika chuo chetu cha jimbo, mimi ndiye niliyeshika mpira na kuichezesha timu, na bila kujisifu nilikuwa natoa pasi kwa mwenzangu kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba yuko wazi, na nilipomaliza masomo wakaitundika jezi yangu namba kumi na moja juu kabisa chini ya paa la uwanja, haivaliwi tena na mtu. Sasa binti yangu, tumwite Maren, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, naye ni pointi gadi, vyuo vinamgombania, na tangu hapo sijala kifungua kinywa kwa amani pale mkahawani, wazee wa meza ya dirishani wanatulinganisha mimi na yeye kama watu wanaochagua ndama mnadani.

"Kapteni, hivi wewe ungemkaba huyu mtoto?" mmoja ananiuliza.

"Angenipita mara moja," namjibu. "Mara ya pili angejikuta amekaa chini."

"Thubutu! Angerusha kutoka kule kule mbali, wewe bado unafunga kamba za viatu!"

Wanacheka, nami nacheka, lakini kahawa hainishuki. Kwa sababu ni kweli, Shangazi, hawa wa siku hizi wakivuka tu nusu ya uwanja wanarusha, hawatoi pasi, hawatazami nani yuko wazi, na mtoto wangu ndiye kiongozi wao, na mipira yenyewe inaingia, hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Basi mwezi wa tisa kocha wa chuo changu akaja nyumbani, kama wanavyofanya wakimtaka mchezaji, akakaa jikoni akala pai yangu ya tufaha, akaomba na kipande cha pili, na Maren alipotoka kwenda kucheza na mpira wake kwenye kikapu cha gereji, kocha akaniambia, "Akija kwetu tutaishusha kumi na moja aivae yeye, ila lazima wewe uridhie." Nililia pale pale. Nikasema nimeridhia, halafu furaha ikanizidi nikaongeza, "Anakuja, ameshaamua," tena nikamwomba asimuulize, eti mtoto anataka iwe siri mpaka siku ya kutia saini ya kujiunga na chuo, na muda wote huo nausikia mpira wake unadunda nje. Hakuwa ameamua chochote. Kocha alikuwa na msichana mwingine wa Ohio aliyekuwa akisubiri jibu, na kwa neno langu akamwachia aende, na yule ameshapata chuo kingine.

Jumapili Maren amenijia jikoni.

"Mama, nataka kwenda kile chuo kidogo cha Minnesota."

"Kile ambacho uwanja wao haujai hata ukiita kanisa zima?"

"Hicho hicho. Kocha wao ananiacha nirushe. Na kule hakuna mtu wa kuniambia mama yako hapo angetoa pasi."

"Na kumi na moja je?"

"Hiyo ni yako, mama. Mimi nikiivaa nitakuwa nani?"

Akaniomba nisimwambie kocha, anataka kumpigia mwenyewe, kwa adabu, na kila jioni namsikia bafuni akijizoeza maneno. Hajui kwamba kocha anaamini mambo yamekwisha. Siku ya kutia saini ni Jumatano, wiki mbili zijazo, ukumbini shuleni, kofia za vyuo zitapangwa mezani avae ya chuo anachokwenda watu washangilie, na mimi keki nimeshaagiza, nyekundu, rangi ya chuo changu, ina namba kumi na moja katikati. Nikimwambia ukweli hataniamini tena, nikinyamaza ataujua kwa kocha, au basi nimbembeleze akubali tu kwenda, maana kocha wa watu sasa hana pointi gadi? Mume wangu nilipomweleza alisema, "Umetoa neno ambalo si lako," akavaa buti akaenda kwa ng'ombe wake. Nifanye nini?

Asiyetulia, Indiana

*

Asiyetulia,

Kwanza kaa chini. Unaniambia nifiche jina lako, kisha unanitajia jezi inayoning'inia juu ya vichwa vya watu maelfu! Jina la mtoto umelificha mwenyewe, mimi nimebadilisha namba, na hata ile pai haikuwa ya tufaha. Zaidi ya hapo siwezi.

Nakuonea huruma, tena ya kweli. Enzi zako nilikuwa nakaa nyuma ya benchi lenu, nikipiga kelele mpaka sauti inakauka. Lakini wewe na wazee wako wa dirishani acheni kulinganisha. Nyinyi mkirusha kutoka mbali mlikuwa mnatolewa nje. Huyu asiporusha ndipo anapotolewa. Nami nimemwona akicheza. Unasema hatazami nani yuko wazi. Anatazama sana, ila mara nyingi aliye wazi ni yeye mwenyewe.

Huruma yangu inaishia hapo. Umemdanganya kocha, na sasa unataka kuuziba uongo wako kwa miaka minne ya mtoto. Hapana! Chuo kukosa pointi gadi si mzigo wa Maren. Ni wako, na kidogo ni wa kocha, mtu mzima anayepokea neno la mama ilhali mchezaji mwenyewe yuko hapo nje ya dirisha. Wachezaji siku hizi wanahama vyuo kila msimu, kocha atapata mwingine.

Leo hii, kabla mtoto hajapiga simu, mfuate kwenye kikapu cha gereji. Sema, "Nilimwambia kocha unakuja. Nilidanganya." Kisha nyamaza. Usilie, usimwambie ni kwa sababu unampenda, hilo analijua. Atakasirika, mwache akasirike. Halafu mpigie kocha wewe, Maren akisikia, uyaseme yale yale. Yeye akipiga yake iwe ya kushukuru tu. Keki wabadilishe rangi, na namba muulize mwenyewe. Jumatano usikae naye mezani, kaa kule juu na sisi wengine upige makofi. Jezi yako iache ilipo.

Unalalamika pointi gadi wa siku hizi hawatoi pasi. Mpira umeung'ang'ania wewe tangu mwezi wa tisa, na mtoto yuko wazi. Toa.

Shangazi Verna