Mngurumo Ndani ya Tangi la Lami

Jumamosi jioni, Bariadi. Mvua ya jana imekatika lakini mawingu hayajaondoka. Nimejifungia chumbani.

Naogopa. Niseme tu hivyo.

Kazi yangu ni kupokea lami kwenye kambi ya ujenzi wa barabara, huku karibu na Ngulyati. Watu wakipita kwenye barabara nyeusi hawawazi lami imetoka wapi. Inatokana na mafuta ghafi, inafika Dar kwa meli, kisha inapakiwa ikiwa ya moto kwenye malori na kusafiri siku kadhaa hadi huku Usukumani. Ikipoa inaganda, haishuki. Ndiyo maana lori likifika kila mtu ana haraka.

Leo asubuhi lilifika lori la Masanja, dereva mtu mzima wa Malampaka. "Mwangaluka, mwanangu," alinisalimia, akasema akishashusha anapitia nyumbani kumwona mjukuu mchanga.

Usiku upepo ulikuwa umesogeza mfuniko wa tangi letu, mvua ikaingia. Maji yakikutana na lami ya moto yanageuka mvuke ghafla, na lami inafoka. Tunalijua hilo wote. Tulifungua koki ya chini, maji yakatoka mpaka yakaisha. Msimamizi akapiga simu kutoka Mwanhuzi: "Shusheni, lami inapoa."

Nikaona maji yameisha kweli. Nikawaambia wenzangu wafungue koki ya lori.

Masanja akapanda juu ya tangi kuangalia kina. Pampu ikawashwa.

Nilisikia mngurumo, kama tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa. Ulitoka chini kabisa na ulikuwa unapanda.

"Baba, shuka! Ruka!"

Hakuuliza kwa nini. Aliruka. Lami ikafoka pale pale alipokuwa amesimama, ikatiririka ubavuni mwa tangi, mvuke ukafunika kila kitu. Nilizima pampu kwa kupapasa.

Kumbe maji mengine yalikuwa yamejificha chini ya mabaki ya lami ya zamani iliyoganda.

Masanja amevunjika mguu na kuungua mkono. Nimemwacha hospitalini, anaongea. "Mwanangu," aliniambia, "ningetafuta ngazi, sasa hivi mngekuwa mnanililia." Akajaribu kucheka. Mimi nikatoka nje.

Sijala tangu asubuhi. Sufuria ya jirani ikichemka, nashtuka.

Na kesho linakuja lori lingine. Limeshapita Shinyanga. Msimamizi amenipigia tena, anataka tutumie tangi lile lile. Nimemjibu kwamba hakuna kushusha mpaka tangi lipashwe moto polepole, likauke kabisa.

"Na lami ikigandia kwenye lori?"

"Tutaipasha upya."

"Mhandisi utamweleza wewe."

"Nitamweleza."

Nimekata simu. Naweza kuipoteza kazi hii, na sina nyingine. Lakini hicho sicho kinachonitisha zaidi. Kinachonitisha ni kwamba leo nilikagua, nikajiridhisha, na bado nilikosea. Kesho nitakagua kwa macho haya haya.

Dereva anayekuja simjui hata jina. Yuko njiani sasa hivi, pengine ameegesha na kusinzia, anaamini huku kuna mtu anayejua anachofanya.

Akifika, simruhusu apande juu ya tangi. Nitapanda mimi.

Nitaweza?