Mashine Iliyobaki Nami Cimpunda

Cimpunda, Kadutu
Bukavu
Tarehe 14 Oktoba 2023

Mpendwa Yaya Philémon, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa salamu za nyumbani, zile zisizoishia mlangoni. Uko namna gani huko Lubumbashi? Mgongo je, bado unakusumbua asubuhi? Na mke wako Nathalie, kifua kimepona? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Mvua imeanza, udongo wa mlima wetu umeteremka tena hadi kwa majirani, lakini nyumba yangu imesimama.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ukiniuliza habari nakujibu "bien", nzuri tu, nawe unafurahi, tunakata. Barua hii ataileta Christine, binti wa mzee Bulonza, anayekuja huko kwa masomo. Umpe chakula, ni mwoga wa kuomba.

Mambo ya kazi yangu hujawahi kuyajua vizuri, basi nikueleze. Ile mutuelle yetu, chama cha bima ya afya, ilihamia jengo jipya kule Nyawera muda mfupi baada ya kumzika mume wangu Gracien. Watu wote walihama, na viti, hata ua la plastiki la mapokezi. Iliyokataa kuhama ni programu ya wanachama. Mtu aliyeitengeneza alirudi kwao zamani, na inafunguka tu ndani ya navigateur moja ya kufungulia kurasa, iliyozeeka, ambayo hata wenyewe walioibuni wameiacha. Ukijaribu kwenye kompyuta mpya unaona ukurasa mweupe. Kwa hiyo kompyuta ya zamani ikabaki katika chumba cha nyuma hapa Cimpunda, bila intaneti isije ikapata virusi, na mimi nikabaki nayo.

Mgonjwa akifika Nyawera na kadi yake, wananipigia simu. "Maman Apolline, unitafutiye Mushagalusa wa Mudaka." Natafuta, mashine inasuasua kama bibi anayetafuta miwani, nasema ni mwanachama au si mwanachama, wanakata. Hakuna anayeuliza kama nimekula. Kuna siku natamani wasikie vibaya jina, ili wapige mara ya pili.

Nilijiambia: nani anataka mjane mwenye nguo nyeusi akae naye ofisi mpya? Saa sita nakula sombe yangu mbele ya mashine, naisemesha. Ndiyo, Yaya, nimefika huko, usinicheke.

Wiki iliyopita akaja fundi, msichana anayeitwa Merveille. Alikaa asubuhi moja tu. Aliichukua programu pamoja na navigateur yake ya zamani, akaziweka ndani ya kompyuta mpya aliyokuja nayo, na majina yote yakafunguka. Nikamwuliza kwa nini walichelewa hivi.

"Maman, hii kazi tungeifanya tangu mwaka yenye ilipita. Ni papa Edouard alikatala. Alisema tungojee kwanza."

Papa Edouard ndiye mkurugenzi wetu. Nilikwenda Nyawera na hasira zangu zote, nikamwuliza mbele ya watu nimemkosea nini. Alisimama, akanivutia kiti.

"Maman, tulikuwa tunangojea famille yenu itangaze siku ya kutosha kilio, siku ya kuvua nguo nyeusi. Mutu mwenye iko mu kilio, habamusukumake."

Mtu wa kilio hasukumwi: alifikiri amenipa mahali pa kulilia kwa utulivu, pasipo wageni na maswali. Wenzangu wanaulizana kila mara kama nimetangaza siku. Akina mama wa ofisi wameshachagua hata kitenge watakachovaa. Mimi nilidhani wamenisahau, kumbe wananingoja. Nililia pale pale, kwenye kiti alichonivutia.

Wao hawakujua kwamba mimi nakungoja wewe. Kwetu, unajua, kaka mkubwa ndiye anayeita watu na kumvua dada yake nguo za kilio. Mwaka ulipotimia ulisema Pasaka. Pasaka ukasema likizo ya watoto. Kisha ukasema tutaona. Kwenye simu sikukasirika, sasa naandika: nimekasirika. Nguo nyeusi imeshakuwa ya kahawia mabegani. Siimbi kwaya, siendi harusini, na mtu akicheka nikiingia, anafunga mdomo. Upweke huu hukuuleta wewe, kifo kiliuleta. Lakini ufunguo wa kunitoa humo uko mfukoni mwako, nawe umekaa Lubumbashi.

Ijumaa wanakuja kuondoa ile mashine, na Jumatatu naanza kazi Nyawera, katikati ya watu. Sitaki kukaa kati yao kama mtu anayengojwa. Nimeweka siku mwenyewe: Jumamosi ya pili ya Desemba, misa asubuhi, halafu nyumbani kwangu.

Nisalimie sana Nathalie, na Firmin na wadogo zake, na shangazi Martine ukipita kwake. Mungu awafunike mkilala na awatangulie mkitoka.

Papa Edouard amesema usipofika, yeye atasimama mahali pako. Nilimwomba aniache nikuandikie kwanza. Mahali ni pako, Yaya, lakini siku hiyo hapatabaki wazi.

Ni mimi dada yako, anayekupenda hata akikasirika,

Apolline