Wiski Unayoniuliza

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Ilomba tunaendelea, ila ng'ombe wa bibi yako kaingia tena shambani kwa jirani na nimechoka kuomba radhi. Na wewe unanichosha. Hii ni mara ya tatu unaniuliza upende wiski gani ili wenzako wa kazini wasikucheke. Mimi nitajuaje?

Ngoja nikuungamie jambo. Nilipokwenda Kilolo kumposa bibi yako, nilikuwa na aibu, natazama viatu vyangu tu. Baba yake akaniwekea vikombe viwili vya ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, mmoja mtamu wa asubuhi ileile, mwingine mkali uliolala siku tatu.

"Kijana, unakunywa upi?"

"Wowote, baba."

"Nimekuuliza upi."

"Wowote tu."

Akasimama. "Ulanzi tu hujui unataka upi. Na binti yangu je, naye ni yeyote tu?"

Nikavamia vikombe, nikaonja huu, nikaonja huu. Ule mkali ulinikunja uso. "Huu mtamu, baba."

Shangazi zake wakaangua kicheko. "Mwanaume gani huyu, anakunywa wa watoto!"

Mzee hakucheka. Akaketi, akanijazia ule mtamu pomoni, akasema, "Haya, sema kilichokuleta."

Basi onja hizo wiski mwenyewe, kidogo kidogo, na maji pembeni. Zote zikikushinda, agiza soda.

Bibi yako anasema siku ile alikuwa nyuma ya mlango, amenikasirikia kuliko baba yake kwa ile "wowote tu" yangu.

Babu yako