Ananie Syauswa, Uliyekula Tena kwa Berthe

Mwaka umetimia, Papa Ananie, tangu utuage, na nyumba ya Butembo bado haijazoea kimya. Uliuza viazi vya Kirumba hadi Beni, ukiwatania wateja wote, hata wale waliokuja wamenuna.

Virusi vya homa ya ini vilikuwa vimeharibu ini lako miaka mingi, tumbo likajaa maji. Ukalipigapiga mbele ya wageni kama gunia la kupakia lorini: "Huu muzigo, hapana camion itaubeba!"

Kisha ikaja siku ile ya Beni. Ulikula kwa Berthe, mke wa mdogo wako Sikuli. Kesho yake homa ikapanda, tumbo likauma, ukaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Sisi tukasema ni sumu. Tulisema mlangoni kwa Berthe, majirani wakisikia. Hata hospitalini, Kavugho mkeo alikuja na kikombe cha dawa ya kukutapisha.

Docteur Cyrille alikiweka kando. Alivuta maji kidogo ya tumbo kwa sindano, yakatoka na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Akayapeleka maabara, akarudi mbio.

"Hii hapana sumu," alisema. "Ni microbe, kadudu kadogo, iliingia mu maji ya tumbo. Batu ba foie, ini hii, ya kuharibika banapataka hii. Tunaanza sindano sasa, hapana kesho."

Siku ya tatu ukafungua macho, ukauliza nani amepika. Tulicheka na kulia pamoja, Papa, kwa furaha.

Ulipotoka hospitalini ukamwambia mwenye pikipiki, "Unipeleke kwa Berthe kwanza." Ukaketi mezani kwake. "Berthe, leta bugali. Lakini chumvi hapana, docteur alikatala." Ulimaliza sahani yote, sisi tumesimama mlangoni, pale pale tulipomshtaki.

Ukaishi miaka miwili tena. Hukukosa kidonge cha kuzuia ule ugonjwa usirudi, na ulitusukuma wote tukapimwe virusi vile. Wajukuu wakachanjwa, huku ukiwachekesha wasilie.

Mdomo huponza kichwa, lakini wetu ulimponza Berthe. Wewe ulimsafisha kwa kula. Sisi aibu ilitufunga hata ukaondoka. Leo tunasema, na majirani wasikie pia: Berthe, tulikukosea. Utusamehe.

Tunaokukumbuka: Berthe, ambaye Kavugho ameagiza aandikwe kabla yake, Kavugho mkeo, Sikuli mdogo wako, watoto wako Séphora na Jacob, na wajukuu wote. Papa, tutakukumbuka siku zote, tumeketi meza moja.