Sauti Yangu Kwenye Video ya Theodora

Jumatano, Milanzi

Upuuzi mtupu. Binti yangu Theodora ametengeneza programu ya kupokelea mahindi ghalani, na kesho ataionyesha kwa wakulima wa Muze kwa video. Ameirekodi kwenye kompyuta kwa programu nyingine ya bure, ambayo yeyote anaruhusiwa kuona ilivyoundwa ndani. Hiyo inakuza maandishi, inalainisha mwendo wa kishale cha skrini na kukata kila sehemu ya kusubiri. Kitu kilicho wazi namna hiyo, vijana wanakitumia kuficha!

Maelezo ya video nimeyasoma mimi, kwa kuwa wengi wa wakulima hao niliwafundisha shuleni. Wataniamini.

"Mbona kwenye video gunia linaandikwa papo hapo?" nilimuuliza. "Jana tulisubiri mpaka chai ikapoa."

"Baba, hayo ni mapambo tu. Kila mtu anakata."

Mapambo! Mapambo ni ya harusi.

"Basi kata na sauti yangu."

Alinuna, kisha akarudisha sehemu zote za kusubiri. Nikasoma upya: "Hapa mtandao ni mzito. Mtasubiri."

"Hawatainunua, Baba."

Huenda kweli wasiinunue. Ameihangaikia mwaka mzima, na hilo linaniuma kuliko nilivyomwonyesha.