Kwenye Mabembea, Peke Yangu

Jumanne, 12 Agosti

Asubuhi shambani Nambambo, kupuliza dawa kwenye mikorosho. Salfa bado iko puani. Mchana cherehani: sare za shule, na gauni la bi harusi anayenenepa kila akija kupima. Kisha nikapiga simu Dar, kwenye bustani moja ya mabembea.

Dada aliyepokea akauliza nakuja na watoto wangapi. Hakuna. Wajukuu? Hakuna, nakuja mimi. Nikadhani simu imekatika, kumbe anacheka. Akasema karibu sana mama, ila usije na dera, linanasa kwenye vyuma. Vaa suruali.

Nimeshonea suruali nusu ya Nachingwea. Yangu sina hata moja.

Alhamisi, 14 Agosti

Mpango ni huu. Ijumaa ya wiki ijayo, basi la alfajiri. Kulala nyumba ya wageni, si kwa ndugu Mbagala. Kwa ndugu utapewa mtu wa kukusindikiza hata chooni. Jumamosi mabembea mpaka wafunge. Jumapili nyumbani.

Dar nimeshafika mara kadhaa. Kuuguza, kuzika, kuuguza tena. Waume wawili nimewapikia, wote wameondoka kwa miguu yao wenyewe. Watoto wana miji yao. Sasa nataka kupanda lile gurudumu kubwa nililoliona kwenye simu. Sababu nyingine sina. Nina furaha ya kijinga kabisa.

Kosa moja tu. Nimemuaga jirani yangu, Mama Saidi. Lazima, maana ukisafiri bila kuaga utaitwa mwenye kiburi. Akauliza nafuata nini Dar. Nikaona aibu. Nikasema nina jambo langu kidogo.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama Saidi kaleta ming'oko, viazi vyetu vya porini, imechemshwa tayari, na sauti kaishusha chini. Eti nile, nipate nguvu. Mchana wamekuja wanawake wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, na mayai. Mmoja kauliza kama ni titi. Titi lipi? Akanikumbatia, akalia yeye.

Ndipo nikaelewa. Mwanamke wa huku akienda Dar peke yake na hasemi anafuata nini, basi anaficha ugonjwa. Siwezi kuwalaumu. Hata mimi nimewahi kumpelekea mtu mayai kwa dhana hiyohiyo.

Nimekana. Wakaitikia kwa vichwa, kama watu wanaombembeleza mgonjwa.

Mayai nimekaanga. Matamu.

Jumapili, 17 Agosti

Rehema, binti yangu aliyeolewa Ruangwa, kapiga simu analia. Nikamwambia mimi mzima. Akasema wote husema hivyo. Nimechukia. Nimekata suruali kwa hasira, kitenge chenye ndege wa bluu. Mshono ukapinda. Nikafumua.

Jumatano, 20 Agosti

Balaa. Mjomba kaja kutoka Nanganga kwa bodaboda, na uzee wake ule. Rehema nyuma kwa bodaboda nyingine. Kwetu mjomba akisema, ukoo umesema. Wakaketi sebuleni na Mama Saidi na wanawake wa kikundi. Kikao juu yangu, na chai nimepika mimi.

Mjomba akatangaza: "Mwanangu, mgonjwa hasafiri peke yake. Utakwenda na Rehema. Tumeshakubaliana."

Nikaiona safari yangu inaondoka hivi hivi. Nikasema yote. Siumwi popote. Naenda kupanda bembea.

Kuku akaingia ndani, hakuna aliyemfukuza.

"Bembea ya kamba?" mjomba akauliza.

"Ya umeme, mjomba."

Mama Saidi ndiye alianza. Akacheka mpaka akashika ukuta, akadai nimrudishie ming'oko yake. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Rehema hakucheka. Kasema nimemtia aibu, watu wa Ruangwa wameshaniombea dua. Halafu likaja baya zaidi. Mjomba akafuta macho akasema, kama ni hivyo, twendeni wote. Wakaanza kugombea nani atakaa dirishani!

Nikasimama. Nikasema hapana. Dua nimezipokea, mayai nimekula, lakini naenda mwenyewe. Mjomba sijawahi kumwambia hapana tangu nizaliwe.

Aliniangalia. "Na ukianguka?"

"Nitaanguka mwenyewe."

Akaomba kofia yake, akaondoka. Hajaniruhusu, hajanikataza. Nikienda bila ruhusa yake nitaenda na mzigo moyoni. Naogopa. Naogopa hasa.

Alhamisi, 21 Agosti

Rehema kalala hapa. Hatukusemeshana mpaka chai. Akaikuta suruali kwenye cherehani, akaivaa, akajitazama, akasema kiuno hiki ni cha watu wawili. Mwanangu huyu! Tukacheka mpaka tukakaa chini. Akapunguza kiuno yeye, mshono umenyooka kuliko wangu. Nimemfundisha vizuri.

Jioni mjomba kapiga. Hakutaja kikao. Kaniuliza mvua, kaniuliza mikorosho. Mwisho akasema Dar kuna baridi asubuhi siku hizi, nibebe kitu cha kujifunika.

Hiyo ndiyo ruhusa. Mtu mwingine asingeisikia. Nimerukaruka chumbani kama mwendawazimu.

Jumamosi, 23 Agosti

Bustanini. Naandika kwenye benchi.

Gurudumu ni kubwa kuliko kwenye simu. Mama mmoja anayefunga watu mikanda aliniuliza niko na nani. Nikamwambia niko mwenyewe. Akafunga, akaenda kwa mwingine.

Kiti kikapanda taratibu. Nilidhani nitapiga kelele. Sikupiga. Juu kabisa kilisimama kidogo. Mabati ya watu, minazi, na bahari kwa mbali. Sikuwa na wa kumshika mkono asiogope. Hakuna aliyeniuliza tunakula nini. Nikaweka mikono mapajani nikatazama tu. Machozi yalitoka, ya raha, nikayaacha.

Simu imejaa ujumbe. Wote wanauliza ilikuwaje. Nitawaeleza nyumbani, kila mtu na sehemu yake. Leo sitamwambia mtu.

Foleni imepungua. Naenda tena.